Bloku ya 3090 Ti juu ya kadi ya 4090: kisa cha Billet Labs

Juni 2023, Linus Tech Tips ya Kanada, chaneli ya YouTube iliyokuwa na wafuatiliaji zaidi ya milioni 15, ilirusha video kuhusu bloku ya maji iliyotoka Uingereza. Bloku ya maji ni kipande cha chuma chenye njia za maji ndani, kinachofungwa juu ya chipu ya kompyuta ili kuipoza. Watengenezaji wake, Billet Labs, ni kampuni changa ya watu wa kuhesabika kwa vidole. Bloku yao waliiita Monoblock, kwa sababu kipande hicho kimoja cha shaba kinapoza prosesa na kadi ya grafiki kwa pamoja, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na bloku mbili zilizounganishwa kwa mabomba. Walichokituma Kanada kilikuwa mfano wa majaribio. Pamoja nao walituma kadi ya grafiki ya NVIDIA, RTX 3090 Ti, maana bloku ilichongwa kufuata kadi hiyo.

Kadi iliyofungwa kwenye bloku siku ya kurekodi haikuwa 3090 Ti. Ilikuwa RTX 4090. Bloku haikukaa sawasawa, joto likawa baya, na video ikaisha kwa ushauri kwamba mtu asiinunue.

Wanaokikumbuka kisa hiki wengi wanakumbuka ugomvi uliokuja baadaye: mnada, barua pepe, video ya lawama, video ya kuomba radhi. Hayo nitayagusa, kwa kuwa ni sehemu ya kisa. Ila kwa mtu anayetaka kununua bloku ya maji kwa ajili ya kadi yake, sehemu yenye faida ni ile iliyopita haraka kwenye video, pale fundi aliposhika bisibisi na kukaza skrubu za bloku juu ya kadi isiyo yake. Ugomvi wote uliofuata ulianzia hapo, na hapo ndipo pesa za wanunuzi wengi hupotea pia, bila kamera.

Joto linakwama wapi

Bloku ina pande mbili. Upande mmoja unagusana na chipu, upande wa pili unagusana na maji. Watu wakilinganisha bloku madukani hubishana sana kuhusu upande wa maji: vijifereji vilivyochongwa kwenye shaba vina wembamba gani, maji yanaingilia katikati au pembeni, kasi ya pampu ni lita ngapi. Mabishano haya yana msingi, lakini faida yake ni ndogo kuliko yanavyosikika. Maji hubeba joto vizuri mno. Kilo moja ya maji inahitaji takriban jouli 4,186 ili ipande nyuzi moja. Pitisha lita nne kwa dakika juu ya kadi inayotoa wati 450, na maji yatatoka upande wa pili yakiwa yameongezeka nyuzi 1.6 hivi. Ndiyo maana hata ule ubishi wa kipi kitangulie kwenye mzunguko, rejeta (chombo chenye feni kinachopoza maji) au kadi au prosesa, hauna uzito mkubwa: maji yote kwenye mzunguko yana joto linalokaribiana.

Tatizo liko upande wa chipu. Chipu ya 3090 Ti, inayoitwa GA102, ina eneo la milimita za mraba 628. Ya 4090, AD102, ina takriban 608. Tuchukue 600 ili hesabu iwe nyepesi. Katikati ya chipu na shaba kuna pesti ya joto, mchanganyiko laini unaojaza mwanya ili joto lipite. Tuseme uwezo wake wa kupitisha joto ni wati 5 kwa mita kwa kila nyuzi, kiwango cha kawaida kwa pesti nzuri. Pesti ikibanwa hadi unene wa milimita 0.05, wati 450 zitapita kwa tofauti ya joto ya nyuzi 7.5 tu kati ya chipu na shaba. Bloku ikinyanyuka kidogo tabaka likawa nusu milimita, tofauti hiyo inakuwa nyuzi 75. Ongeza joto la maji lenyewe, tuseme nyuzi 35, na utaona kwamba chipu ingepita nyuzi 100 kama kadi isingejipunguza kasi kujiokoa. Na hapo bado tunazungumzia pesti. Pakibaki nafasi ya hewa tupu, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa hewa inapitisha joto karibu mara 200 chini ya pesti hiyo.

Hesabu hii nimeirahisisha. Wati zote 450 hazitoki kwenye chipu peke yake. Nyingine zinatoka kwenye kumbukumbu na kwenye sehemu ya kugawa umeme. Hata ukipunguza theluthi, picha haibadiliki: mwanya wa nusu milimita tu unatosha kuifanya bloku bora duniani ionekane takataka.

Kinachoamua mwanya huo ni vitu vingine vyote vilivyoko kwenye bodi. Bloku inayofunika kadi nzima haigusi chipu peke yake. Ina ngazi zilizochongwa: hapa pa chipu, hapa pa kumbukumbu zilizoizunguka, hapa pa sehemu ya umeme, hapa pamechimbwa shimo ili koili au kapasita ndefu, vipande vya umeme vilivyosimama kwenye bodi, ipite. Kila ngazi ina kina chake, kilichopimwa kwa bodi fulani. Kwenye chipu hupakwa pesti nyembamba; kwenye kumbukumbu na sehemu ya umeme huwekwa pedi za joto, vipande laini vinavyopitisha joto, za unene uliotajwa na mtengenezaji, nusu milimita hapa, milimita moja kule, moja na nusu kwingine. Kitu kimoja kikizidi kimo, bloku inaegemea hapo kwanza, na juu ya chipu unabaki mwanya.

Waliobadilisha pedi kwenye RTX 3090 wanalijua hili vizuri. Wengi waliweka pedi nene zaidi ya za kiwandani ili kumbukumbu zipoe. Kumbukumbu zikapoa kweli, halafu chipu yenyewe ikapanda joto, kwa kuwa pedi mpya zilikuwa zimeinyanyua sahani ya kupozea. Hakuna kilichoharibika na hakuna kilichokuwa feki. Unene tu.

Mapacha wa kwenye karatasi

Mtu anaweza kuitetea studio ile kwa kusema kadi hizi mbili zinafanana. Na kwenye jedwali la sifa zinafanana kweli, tena mno. RTX 3090 Ti ilitoka tarehe 29 Machi 2022, RTX 4090 tarehe 12 Oktoba mwaka huohuo. Zote zina gigabaiti 24 za kumbukumbu ya aina ya GDDR6X, zote zina njia ya kumbukumbu ya biti 384, zote zimepangiwa wati 450, zote zinatumia plagi ya umeme ya pini 16. Ukisoma hayo peke yake utasema bloku ya huyu itamfaa yule.

Jedwali la sifa halikuambii kimo cha koili. Halikuambii kapasita zimepangwa wapi, wala mahali plagi ilipokaa. Chipu zenyewe ni za vizazi viwili tofauti na hata maeneo yake hayalingani. Bloku iliyochongwa kwa 3090 Ti ukiifunga kwenye 4090 na kuripoti joto lake, umeripoti joto la mwanya ulioutengeneza wewe mwenyewe. Ni kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vya bwana harusi, akavalishwa mshenga, kisha fundi akalaumiwa kwamba inabana mabegani.

Wala huhitaji kuruka kizazi ili uingie mtego huu. RTX 3090 na RTX 3090 Ti zinatofautiana herufi mbili tu kwa jina, na chipu ya msingi ni ileile GA102. Lakini 3090 ya kawaida, iliyotoka Septemba 2020, ilijengwa kwa vipande 24 vya kumbukumbu vya gigabaiti moja kila kimoja, 12 mbele ya bodi na 12 nyuma. Kwenye 3090 Ti vikawekwa vipande 12 vya gigabaiti mbilimbili, vyote mbele. Tofauti hii inabadilisha kabisa uchaguzi wa bloku. Kwenye 3090, bloku ya mbele hata iwe nzuri vipi inaacha nusu ya kumbukumbu upande wa nyuma ikitegemea bamba la chuma tu, na watu waliozitumia kadi hizo kwa kazi nzito waliona kumbukumbu zikifika nyuzi 100 na kupita. Ndiyo maana EK, kampuni ya bloku ya Slovenia, ilianza kuuza bamba la nyuma lenye njia yake ya maji. Mwenye 3090 Ti hana haja ya kitu hicho. Anayekushauri ununue bamba la maji bila kukuuliza kadi yako ina Ti au haina, usimsikilize.

Na hata jina likiwa lilelile kamili, bodi zinaweza kutofautiana. 3090 ya NVIDIA wenyewe, ile ya Founders Edition, ina bodi fupi iliyokatwa mwishoni kwa umbo la herufi V. ASUS kwenye Strix yao na MSI kwenye Gaming X Trio walichora bodi zao. Kampuni nyingine zilitumia mchoro wa msingi uliotolewa na NVIDIA. Kwa hiyo swali la “bloku gani nzuri kwa 3090” halina jibu mpaka muulizaji ataje kadi imetengenezwa na nani na ni ya familia gani. Kuna watengenezaji ambao hata hapo hawaishii: hubadilisha bodi katikati ya uzalishaji na kuandika namba ya toleo kwa maandishi madogo kwenye stika, huku boksi likibaki na picha ileile.

Dola 500

Watazamaji walipoanza kulalamika, Linus Sebastian, mwanzilishi wa chaneli, alilizungumzia suala hilo kwenye kipindi chao cha moja kwa moja. Hoja yake ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, kurudia jaribio kungegharimu kati ya dola 100 na 500 za muda wa wafanyakazi. Ya pili, kurudia kusingebadilisha hitimisho, maana hata bloku ingefanya kazi ipasavyo, kwa bei yake ya mamia ya dola hakuna mtu ambaye ingemfaa.

Nimesoma watu wengi wakiicheka hoja hii yote kwa pamoja. Nadhani ni kosa kuicheka nusu ya pili. Kuhusu bei, Linus alikuwa na la kusema, na angeweza kulisema vizuri zaidi ya alivyolisema.

Bloku inayofunika kadi nzima inaisha maisha siku unayobadilisha kadi. Haihami. Bloku ya prosesa angalau huwa na nafasi: AMD walipobadilisha soketi, yaani kikalio cha prosesa, kutoka AM4 kwenda AM5 walihakikisha vipozeo vingi vya zamani vinafungika, na Intel wanapobadilisha nafasi za matundu, kama walivyofanya kwenye soketi yao ya LGA1700, watengenezaji wa bloku huuza kishikio kipya cha bei ndogo. Kwa kadi ya grafiki hakuna kishikio cha kukuokoa, kwa kuwa umbo lote la shaba lilifuata bodi moja. Sasa chukua kipande kimoja kinachofunga prosesa na kadi kwa pamoja. Umejifunga mara mbili. Kubadilisha kimoja kunakulazimisha ukifikirie na cha pili. Tena Juni 2023, video ilipotoka, 3090 Ti ilikuwa imeshapitwa na 4090 kwa miezi minane. Mtu anayejenga kompyuta mpya ya fahari angeanzaje na kadi ya kizazi kilichopita ili tu apate bloku inayoifaa?

Hizo ni hoja nzito. Zinaweza kuandikwa bila kugusa bisibisi hata mara moja, na Billet Labs nao wangeweza kuzijibu kwa hoja: kwamba kuna watu wanaojenga kompyuta ndogo kupindukia, kwamba kitu cha kipekee kina wateja wake wachache na wanatosha.

Tatizo ni kwamba video haikuishia kwenye bei. Ilionyesha joto. Mtazamaji akiona namba ya joto kwenye skrini anaichukua kama kipimo cha kifaa, na namba ile ilikuwa kipimo cha kitu kingine. Hukumu mbili zilichanganywa: “ni ghali mno kwa inachokupa” na “haipozi.” Ya kwanza ni maoni ambayo kila mtu ana haki nayo. Ya pili ni madai ya vipimo, na vipimo havikuwepo. Ukishasema kwamba jaribio lisingebadilisha maoni yako, basi jaribio ulilifanya la nini, na kwa nini ulituonyesha matokeo yake?

Kuhusu gharama ya kurudia, sina mengi. Kampuni hiyo wakati huo ilikuwa ikijitangaza kwamba inajenga maabara kubwa ya vipimo ili watazamaji wawe na namba za kuaminika. Dola 500 ni kiasi kidogo kwa studio ya ukubwa ule, na ni kikubwa kwa sifa ya kampuni ya watu wachache ambao mfano wao umeonwa na mamilioni ukifeli.

Mnada na yaliyofuata

Baada ya video, Billet Labs waliomba warudishiwe mfano wao, na kampuni mama ya chaneli, Linus Media Group, ikakubali kwa barua pepe. Haukurudi. Mwishoni mwa Julai 2023, kwenye maonyesho ya kampuni hiyo yaitwayo LTX mjini Vancouver, mfano ule ule uliuzwa kwenye mnada wa hisani.

Tarehe 14 Agosti Steve Burke wa Gamers Nexus, chaneli ya Marekani inayojulikana kwa ukali wa vipimo, alitoa video ya zaidi ya dakika 40 akikusanya makosa ya Linus Tech Tips: namba zilizokosewa kwenye majedwali, kipanya kilicholaumiwa kwa kuteleza vibaya wakati plastiki ya kinga ya miguuni haikubanduliwa, na kisa cha Billet Labs. Linus alijibu siku hiyohiyo kwamba mfano haukuuzwa bali ulinadiwa kwa hisani kutokana na kutoelewana, na kwamba walikuwa wamekubali kuwafidia Billet Labs. Baadaye ikadhihirika kwamba Billet Labs waliandikiwa kuhusu fidia baada ya video ya Burke kutoka. Siku chache hazikupita, kampuni ikaomba radhi kwa video na kusimamisha uzalishaji kwa wiki moja.

Kisa cha kipanya nimekitaja kwa makusudi. Kosa lake ni ndugu wa kosa la bloku: kifaa hakikuandaliwa kama mtengenezaji alivyosema, kikapimwa, kikahukumiwa.

Kuhusu mnada wenyewe nina neno moja la kiufundi. Siri ya bloku iko ndani, kwenye vijifereji na jinsi maji yanavyogawanywa. Mfano wa majaribio ukiangukia mikononi mwa mshindani, anaufungua, anaupima kwa kalipa, na miezi ya kazi ya wachongaji imekuwa yake kwa bei ya mnada. Hofu ya Billet Labs haikuwa ya kudeka.

Mnunuzi wa huku anachukua nini

Mtu anayejenga kompyuta ya maji akiwa Dar es Salaam, Mombasa au Kigali karibu kila mara anaagiza bloku kutoka nje, aghalabu China au Ujerumani. Bloku isiyofaa hairudishwi kirahisi. Nauli ya kuirudisha inaweza kukaribia bei yake. Kwa hiyo kazi ya kuhakikisha lazima ifanyike kabla ya kulipa, na haifanyiki kwa kusoma jina kwenye boksi.

Soma stika iliyoko nyuma ya kadi, uandike jina kamili na namba ya toleo. Nenda kwenye orodha ya mtengenezaji wa bloku, wakubwa wote wanayo, na orodha inayotaja familia na toleo ina thamani kuliko tangazo la muuzaji linalosema “inafaa 3090 zote.” Kisha tafuta picha ya bodi tupu. Tovuti ya TechPowerUp ina hifadhi kubwa ya picha hizo. Linganisha na mchoro au picha ya upande wa ndani wa bloku: matundu ya skrubu, plagi ya umeme, safu za koili, kapasita zilizosimama peke yake pembeni. Hizo kapasita ndizo hukamata watu. Kama kadi imeshatoka kwenye dhamana na mkono wako umezoea, ondoa kipozeo cha kiwandani upige picha bodi yako mwenyewe kabla ya kuagiza. Kadi zilizotumika zinazoingia sokoni huwa zimeshafunguliwa mara nyingi, na wakati mwingine kipozeo kilichoko juu si cha bodi iliyoko chini.

Pedi zinazokuja na bloku zitumie kwa unene ulioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, hata kama una pedi za sifa kubwa zaidi zenye unene tofauti. Agiza za akiba za unene uleule, maana zikichanika hapa utahangaika kuzipata.

Kuhusu madini: msingi wa bloku ukiwa wa shaba, au shaba iliyopakwa nikeli, rejeta nayo isiwe ya alumini. Metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji yaleyale, alumini huliwa polepole na uchafu wake huziba vijifereji. Mfuniko wa plastiki ya akriliki unaoonyesha maji ni mzuri kwa macho. Ule mweusi wa asetali, plastiki nyingine, unavumilia zaidi fundi anayekaza kwa nguvu. Hilo ni suala la ladha, halibadilishi joto.

Halafu kuna suala la hali ya hewa. Vipimo vingi vinavyosomwa mtandaoni hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na ushee. Chumba cha Dar bila kiyoyozi kinaweza kuwa nyuzi 32. Ukiona kadi yako imezidi ile ya mwandishi wa Ulaya kwa nyuzi kumi, bloku yako huenda haina kosa lolote. Linganisha tofauti, usilinganishe namba tupu: joto la chipu ukiondoa joto la maji, na joto la maji ukiondoa joto la chumba. Tofauti ya kwanza inaeleza bloku na ufungaji wake. Ya pili inaeleza rejeta na feni. Anayenunua bloku mpya wakati shida yake iko kwenye tofauti ya pili ametupa hela. Wapo pia wanaohofia unyevu wa pwani, kwamba maji baridi yatafanya umande utokee juu ya bodi. Rejeta na feni haziwezi kushusha maji chini ya joto la chumba, hivyo umande hautokei. Hofu hiyo ni ya mwenye mashine ya kubaridisha maji chini ya joto la chumba.

Jaribio ambalo lingetosha

Tukirudi Kanada. Kuna kipimo cha dakika chache ambacho kila fundi wa vipozeo anakijua. Paka pesti, funga bloku, kaza skrubu kwa mshazari kidogokidogo, kisha ifungue tena kabla ya kujaza maji. Tazama alama. Pesti iliyosambaa nyembamba na sawa kwenye chipu nzima inaonyesha kwamba shaba imekaa. Pesti iliyobaki nene upande mmoja, au iliyobaki kama ulivyoipaka, inaonyesha kwamba kuna kitu kimeinyanyua bloku. Angalia na pedi: zile zilizoguswa zina alama ya kubonyea, ambazo hazikuguswa ziko laini kama zilivyotoka kwenye pakiti. Kwenye 4090 ile, alama hiyo ingesimamisha kurekodi kabla kompyuta haijawashwa.

Ukishawasha, kwa kadi kama 3090 na 4090 programu za kusoma vipimo huonyesha joto la wastani la chipu na joto la sehemu yake iliyo moto kuliko zote. Kwenye bloku iliyokaa vizuri namba hizo hukaa karibu, kwa nyuzi kumi au kumi na tano hivi. Zikiachana kwa zaidi ya 20, fungua ufunge upya, kabla hujaandika lolote kuhusu bloku yenyewe.

Kwa hiyo kilichohitajika ni kadi ya 3090 Ti ambayo Billet Labs walishaituma, pesti mpya, kipima joto kwenye maji na saa chache za fundi mmoja. Matokeo yangeweza kuwa mazuri au mabaya; shaba nyingi haimaanishi upozaji mzuri, na wazo la kupitisha joto la prosesa na la kadi kwenye kipande kimoja lina maswali yake ambayo jaribio la haki lingeyajibu. Baada ya hapo Linus angekuwa huru kusema bloku ni ghali na ununuzi wake hauna maana, na Billet Labs wangebaki na suala moja tu la kumjibu, la bei.